Visiwa vya Paul Langerhans

Jioni moja ya muhula uliopita, katikati ya wiki ya testi, mama alinipigia simu akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwenye sauti yake kwa muda mrefu. Baba mdogo alikuwa amemtumia video. Ndani ya video hiyo kuna mtu aliyevaa koti jeupe, wa kliniki fulani ya nje, anaeleza kwamba kisukari sasa kinapona kabisa: mgonjwa anawekewa seli mpya, anaachana na sindano, anarudi nyumbani akiwa mzima. Mama alitaka kujua jambo moja tu, kama ni kweli. Maana kama ni kweli, alisema, kile kiwanja alichotuachia marehemu babu kipo, na mnunuzi yupo.

Mdogo wangu wa kike ana kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa darasa la tano. Sasa yuko kidato cha pili. Anajichoma insulini mara nne kwa siku, na kwa kuwa nyumbani hatuna friji, dawa yake inakaa kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati kuna mchanga ambao mama anaumwagia maji asubuhi na jioni. Mimi ndiye niliye chuoni. Tena nasoma baiolojia, mwaka wa tatu. Kwa hiyo swali hilo halikuwa na mtu mwingine wa kulijibu. Nilimwomba mama anipe wiki moja, na nikamsihi asimpe mnunuzi neno lolote.

Nikaenda maktaba. Na huko, kila nilichofungua kuhusu seli hizo kilikuwa na jina moja: visiwa vya Langerhans. Jina hilo nalijua, nyote mliosoma mchepuo wa sayansi mnalijua. Tumelikariri sekondari, tumelidesa, tumeliandika kwenye mtihani, tukapewa alama yetu moja tukaendelea na maisha. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza Langerhans alikuwa nani. Nilikuwa na picha kichwani ya mzee mwenye ndevu ndefu na maabara kubwa. Kumbe alipoviona visiwa hivyo alikuwa mwanafunzi wa miaka 21, anaandika tasnifu ili amalize chuo.

Hapo nikasahau kidogo swali la mama, nikaanza kumfuatilia huyu bwana.

Paul Langerhans alizaliwa Berlin tarehe 25 Julai 1847. Baba yake, ambaye naye aliitwa Paul, alikuwa daktari na mwanasiasa wa mji huo, na hata wadogo zake wa mama mwingine walikuja kuwa madaktari. Mama yake mzazi alikufa kwa kifua kikuu Paul akiwa bado mtoto mdogo. Naomba msomaji auweke akilini ugonjwa huo, maana utarudi.

Masomo ya udaktari aliyaanzia Jena, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Ernst Haeckel, mtu aliyependa viumbe wa baharini kuliko kitu chochote na aliyewachora vizuri ajabu. Kisha akarudi Berlin kwa Rudolf Virchow. Kwa wenzangu wa sheria na biashara ambao hawamjui Virchow, huyu ndiye aliyewasisitizia madaktari wa karne ya 19 kwamba ugonjwa wautafute ndani ya seli, na si katika maji ya mwili na hewa mbaya kama walivyozoea. Kuwa mwanafunzi kwa Virchow miaka ile ilikuwa ni kukaa mahali ambapo mambo yanatokea. Hadubini zilikuwa zimeboreshwa, kulikuwa na rangi na kemikali za kutilia vipande vya nyama ili seli zionekane, na kijana yeyote mwenye subira na macho mazuri angeweza asubuhi moja kuona kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukiona.

Yeye alikiona mara mbili, na mara zote mbili akiwa mwanafunzi.

Mara ya kwanza ilikuwa ngozi. Mwaka 1868 alichukua ngozi ya binadamu, akaitia kloridi ya dhahabu, akaona katika tabaka la juu seli zenye matawi matawi, mfano wa pweza aliyenyoosha mikono. Alidhani ni sehemu ya mishipa ya fahamu, akaandika hivyo, na makala yake ikachapishwa kwenye jarida la Virchow mwenyewe. Alikosea. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kufahamu kwamba seli hizo ni walinzi wa kinga ya mwili: zinakaa kwenye ngozi, zinamkamata mgeni anayeingia, na kumpeleka akaonyeshwe kwa askari wengine. Hadi leo zinaitwa seli za Langerhans. Yaani kosa la mwanafunzi, lakini aliyechora sawasawa alichokiona, na mchoro ukabaki sahihi hata maelezo yalipoanguka.

Mara ya pili ilikuwa kongosho, na hii ndiyo iliyonileta huku.

Wakati huo watu waliamini kwamba kongosho linajulikana. Ni tezi, linatengeneza maji ya kumeng'enyea chakula na kuyapeleka utumbo mwembamba. Claude Bernard wa Ufaransa alikuwa ameshafanya kazi kubwa juu ya jambo hilo. Langerhans alichagua kongosho la sungura. Ukiwahi kumpasua sungura maabara utakumbuka kwamba kongosho lake si kipande kinene kama la binadamu, limetandazika jembamba kama utando. Alililoweka kwenye dawa ya kuhifadhi mpaka seli zikaanza kuachiana, akazitenganisha, akaketi kwenye hadubini na kuziorodhesha aina moja baada ya nyingine. Akafika aina tisa. Nyingi ya hizo zilikuwa zile ambazo mtu angetarajia. Lakini aina ya tisa ilikuwa ya seli ndogo, zenye pembe pembe, angavu, ambazo ndani yake hazina zile chembe za kumeng'enyea chakula. Na hazikuwa zimetawanyika ovyo. Zilikaa makundi makundi katikati ya tishu nyingine, kila kundi likiwa na upana usiofikia hata robo ya milimita.

Za nini? Hapa ndipo nilipopenda kukaa. Katika tasnifu yake aliyoitetea Februari 1869, Langerhans alizieleza seli hizo zilivyo, mahali zilipo, ukubwa wake, kisha akakiri waziwazi kwamba hana uwezo wa kueleza ni kitu gani. Aliona mishipa mingi ya fahamu karibu nazo akahisi huenda kuna uhusiano, lakini hakulifanya hilo kuwa matokeo. Hata mwanzoni mwa tasnifu alikuwa ameshasema kwamba hakuja na utafiti uliokamilika, ila ana mambo machache tu aliyoyaona, yanayodokeza kwamba kongosho si rahisi kama wanavyodhani. Akapewa shahada yake ya udaktari, kijitabu kikawekwa kabatini.

Jamani, tuseme ukweli. Ni nani kati yetu angethubutu kuandika hivyo kwenye sura ya nne? Sisi tunajua sura ya nne zinavyoandikwa. Wapo wanaoandika matokeo kabla ya kwenda fildi, na wapo wanaompelekea jamaa wa steshenari mada pamoja na sehemu ya bumu, wakachukua kazi iliyojalidiwa. Mimi sikufika huko, lakini nilikuwa na trei mbili za mbegu za mchicha zilizokataa kuota bila sababu yoyote niliyoijua, na nilikuwa nimeshazifuta kwenye jedwali langu. Zilikuwa zinaharibu grafu. Usiku ule niliposoma tasnifu ya 1869 ilivyokuwa nilifungua kompyuta nikazirudisha. Msimamizi wangu aliniuliza maana yake nini, nikasema sijui. Tumeelewana, ingawa grafu ni mbaya.

Turudi kwa Langerhans. Baada ya kuhitimu hakukaa kimya hata kidogo. Alisafiri na mwanajiografia Kiepert kwenda Misri, Syria na Palestina. Vita vya Wajerumani na Wafaransa vilipozuka mwaka 1870 akaenda kuhudumia majeruhi. Akapita Leipzig kwa Carl Ludwig, bingwa wa fiziolojia, kisha akapata kazi Freiburg, kusini magharibi mwa Ujerumani, katika chumba cha kupasulia maiti. Huko alifundisha, akaandika kuhusu samaki wasio na taya, akapanda vyeo haraka mpaka uprofesa, akiwa bado hajafika miaka 30. Ukiusoma wasifu wake hadi hapo unasema huyu kijana atakuwa Virchow mwingine.

Mwaka 1874 akaanza kukohoa.

Kifua kikuu kilichomchukua mama yake sasa kilikuwa kimemfika na yeye, na inadhaniwa alikipata palepale kwenye meza ya maiti. Dawa hakuna. Bakteria wenyewe walikuwa hawajatambuliwa. Robert Koch aliwatangaza Berlin mwaka 1882, miaka minane baadaye. Tiba pekee ambayo daktari angeweza kumpa daktari mwenzake ilikuwa hewa. Basi Langerhans akaanza kuitafuta hewa. Alikwenda Italia, Naples na Capri, akaenda Davos kwenye milima ya Uswisi. Hakuna kilichosaidia. Akapoteza kazi ya Freiburg, akapoteza maabara na wanafunzi, na mwezi Oktoba 1875 akapanda meli kwenda Madeira.

Madeira ni kisiwa cha Wareno katika Bahari ya Atlantiki, lakini ukitazama ramani utaona kiko karibu na Morocco kuliko Lisbon. Wagonjwa wa kifua wenye uwezo walikuwa wanapelekwa huko kutoka Ulaya nzima. Yeye akapata nafuu kiasi, ila nafuu ya kumwezesha kuishi palepale tu. Kurudi kwenye baridi ya Freiburg kusingewezekana. Akatulia katika mji wa Funchal. Nguvu ziliporejea akaanza kutibu, na wengi wa wagonjwa wake walikuwa watu wenye kifua kikuu kama chake.

Hapo angeweza kukata tamaa, na mimi nisingemlaumu. Badala yake alikwenda ufukweni. Yule Haeckel wa Jena alikuwa amempandia mbegu ya viumbe wa baharini, nayo sasa ikaota. Alianza kuwakusanya minyoo wa baharini wa Madeira, kuwapasua, kuwachora na kuwaainisha, na mmojawapo aliyekuwa hajulikani akampa jina linalotokana na la mwalimu wake, akamwita Virchowia. Nilicheka nilipokutana na hilo. Hivi wewe msimamizi wako angefurahi ukimpa mnyoo jina lake? Lakini ninavyomwelewa Langerhans, hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko zote alizobaki nazo za kutoa. Aliandika pia kitabu cha mwongozo kuhusu Madeira, hali ya hewa yake na namna ya kuishi huko, kwa ajili ya wagonjwa wanaokuja. Mwaka 1885 alimwoa Margarethe Ebart, mjane wa mmoja wa wagonjwa wake.

Kwenye kongosho hakurudi. Hiki ndicho kilichonisumbua zaidi katika maisha yake yote, kwamba zile seli za aina ya tisa aliziacha zikiwa zimelala pale alipoziacha mwaka 1869. Hakuwa na maabara ya kuzifuata, pengine hata hakuona sababu. Figo zake zikaanza kushindwa, na tarehe 20 Julai 1888 akafa, siku tano kabla ya kutimiza miaka 41. Amezikwa Funchal, kwenye makaburi ya Waingereza. Mtu ambaye dunia nzima inamkumbuka kwa visiwa amelala kisiwani, na wakati anakufa hakuna aliyekuwa amevipa visiwa vile jina.

Mwaka mmoja tu. Mwaka 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Josef von Mering walimtoa mbwa kongosho lote, na mbwa akapata kisukari. Kumbe kongosho lina kazi ya pili! Miaka michache baadaye Minkowski alipandikiza kipande cha kongosho chini ya ngozi ya mbwa wa namna hiyo, kisukari hakikuja. Alipokitoa kile kipande, kikaja. Angalieni vizuri jaribio hilo, maana kila kinachofanywa leo kinatokana na wazo hilohilo. Mwaka 1893 Gustave Laguesse wa Lille, Ufaransa, akayakumbuka makundi ya seli yaliyokuwa kwenye kijitabu cha mwanafunzi wa Berlin, akahisi kwamba ndiyo yanayofanya kazi hiyo ya pili, akayaita visiwa vya Langerhans.

Desemba ya mwaka huohuo, mjini Bristol, Uingereza, daktari aitwaye Watson Williams alikuwa na mgonjwa mvulana wa miaka 15 anayekufa kwa kisukari. Alichukua vipande vya kongosho la kondoo aliyetoka kuchinjwa akavipachika chini ya ngozi ya mtoto yule. Siku tatu baadaye mtoto akafa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kwa muda, kwa sababu mdogo wangu atatimiza miaka 15 mwaka huu. Na bado simlaumu yule daktari. Hakuwa na kitu kingine. Insulini ilikuwa bado miaka 28.

Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Banting na Best wakiwa kwenye maabara ya Macleod, na Collip aliyeisafisha. Januari 1922 akachomwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Sindano ya kwanza haikumsaidia sana, ila ile iliyosafishwa zaidi, siku chache baadaye, ikamwinua. Tangu hapo kisukari cha watoto kikaacha kuwa hukumu ya kifo, angalau pale insulini inapopatikana. Lakini insulini si dawa ya kuponya. Kisiwa kilicho kizima kinapima sukari kila dakika na kutoa insulini kiasi kile kile inachohitaji damu. Sindano haipimi kitu. Ukizidisha, mtoto anazimia. Ukipunguza, sukari inampanda. Mama amejifunza kuamka saa nane usiku kumgusa mdogo wangu jasho.

Basi wazo la Minkowski halikufa. Tatizo lilikuwa namna ya kuvitoa visiwa. Binadamu ana visiwa vipatavyo milioni moja, ila vimefukiwa ndani ya tishu nyingine kama punje za mchele kwenye kiroba cha maharage, na tishu hiyo ni ya vimeng'enya vinavyokula nyama. Mwaka 1967 Paul Lacy na Kostianovsky, huko St. Louis, Marekani, waligundua kwamba wakilivimbisha kongosho la panya kwa kulisukumia maji kwenye mfereji wake, kisha wakalilainisha kwa kimeng'enya kiitwacho kolajenesi, visiwa vinaachia vikiwa vizima. Miaka mitano baadaye panya wenye kisukari walikuwa wameshasaidiwa kwa visiwa vya panya wengine. Ikaonekana pia kwamba mahali pazuri pa kuviweka si kwenye kongosho tena, bali ni kuviachia kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye ini, vikajipange humo.

Kwa binadamu matokeo yalikuwa hafifu mpaka mwaka 2000. Mwaka huo kikundi cha Edmonton, Kanada, kilitangaza kwamba wagonjwa saba wamewekewa visiwa kutoka kwa watu waliofariki, na wote saba wameacha sindano. Ndio, wote saba. Naweza kufikiria shangwe ya siku hiyo. Lakini walipofuatiliwa wagonjwa wa kituo hicho kwa miaka mitano, ni kama mmoja kati ya kumi tu aliyekuwa bado hahitaji insulini. Wengi walikuwa na visiwa vinavyofanya kazi kidogo, wanazimia mara chache kuliko zamani, na hilo si dogo; lakini sindano zilikuwa zimerudi.

Sababu ni mbili, nami nilizieleza kwa mama hivi. Kwanza, seli zinatoka kwa marehemu, na mgonjwa mmoja mara nyingi anahitaji makongosho ya watu wawili au zaidi. Pili ni kinga ya mwili. Aina ya kwanza ya kisukari inatokea kwa sababu kinga ya mgonjwa mwenyewe imevishambulia visiwa vyake. Ukimpa vya mtu mwingine, vinashambuliwa kwa sababu mbili badala ya moja. Kwa hiyo anayepandikizwa anameza dawa za kuituliza kinga kwa muda wote atakaotaka visiwa viendelee kuishi, na dawa hizo zinamfungulia mlango maambukizi, na baadhi yake zinaumiza figo. Ndiyo maana matibabu haya wamekuwa wakipewa zaidi watu wazima ambao sukari inawashuka mpaka kuzimia bila dalili. Ukitazama utaona ni jambo la kushangaza: uvumbuzi wote wawili wa Langerhans, wa ngozini na wa kongosho, umekuja kukutana hapa. Seli zinazotengeneza insulini upande mmoja, kinga inayomtambua mgeni upande wa pili. Yule mwanafunzi alizieleza seli za pande zote mbili kabla hajafikisha miaka 22.

Habari njema zipo, wala sikumficha mama. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza tiba ya visiwa kutoka kwa marehemu. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya visiwa vilivyooteshwa maabara kutoka seli shina: kati ya watu 12 waliopewa dozi kamili, 10 walikuwa hawahitaji insulini baada ya mwaka mmoja. Hapo tatizo la kusubiri marehemu linaanza kupungua. Dawa za kinga bado wanameza. Na mwaka huohuo ilitangazwa kwamba huko Uppsala, Sweden, mtu mmoja aliwekewa kwenye msuli wa mkono seli zilizobadilishwa vinasaba ili kinga isizitambue, bila dawa yoyote ya kinga, na seli zikaishi. Zilikuwa chache, bado anajichoma insulini. Lakini ziliishi.

Wiki ilipoisha nilimpigia mama. Shikamoo, marahaba, habari za huko, kisha nikakaa kimya kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nikaanza na ile video. Nilikuwa nimeitazama mara nne. Haisemi seli zinatoka kwa nani. Haisemi mgonjwa anameza dawa gani baadaye. Haitaji mgonjwa hata mmoja aliyefuatiliwa mwaka mzima, wala mahali matokeo yalikochapishwa. Inachotaja ni bei, namba ya simu na punguzo la mwezi. Nikamwambia mama kwamba tiba yenyewe ni ya kweli, inatafutwa na watu makini, na haijafika mahali pa kumfikia mtoto wa kidato cha pili. Nikamwambia pia kwamba itachukua miaka mingapi sijui. Neno hilo nililisema kwa shida sana. Nilikuwa natamani kumpa namba, hata ya kubuni, miaka mitano, miaka kumi.

Mama hakujibu mara moja. Nilisikia kuku na redio ya jirani. Kisha akauliza kama yule baba mdogo atakasirika, nikasema mimi nitaongea naye. Kiwanja hakikuuzwa.

Mdogo wangu alikuwa amekaa hapo hapo anasikiliza, akanyang'anya simu. Yeye hakuuliza habari za kupona. Aliuliza hivyo visiwa vina ukubwa gani. Nikamwambia kimoja ni kidogo kuliko punje ya chumvi, na vyote milioni ukivikusanya havijazi kijiko cha chai. Akaniambia nisubiri, akaenda jikoni, nikasikia vyombo. Aliporudi alisema kijiko anacho mkononi, na kwamba ni kidogo mno kwa jambo kubwa hivyo. Akataka kujua huyo mtu aliyeviona alikuwa darasa la ngapi. Nikamwambia chuo, mwaka wa mwisho.

Kabla hajakata akakumbuka kunieleza kwamba chungu kikubwa kimepata ufa, mchanga unavuja, na mama hakutaka nijue kwa sababu ya mitihani. Bumu lilitoka Jumatano. Asubuhi hiyohiyo, kabla sijalipa deni la kantini, nilituma hela ya chungu.